Uganda na Haki ya Mwenye Maumivu

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Askari aliyekatwa mguu vitani huweza kusikia maumivu makali katika mguu usiokuwapo tena, wala hana jeraha la kumwonyesha asiyesadiki. Mgonjwa wa saratani naye, akiomba dawa ya kumtuliza, huambiwa anadeka au hushukiwa kuwa mlevi.

Shaka hiyo imetia mizizi hata katika utekelezaji wa sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 juu ya dawa za kulevya ulikuwa na shabaha mbili: kuzuia matumizi mabaya, na kuhakikisha kwamba wagonjwa wanapata dawa za kuondoa maumivu. Nchi nyingi zilishika shabaha ya kwanza, zikaisahau ya pili. Daktari aliogopa kuandika mofini, na mwenye duka la dawa aliogopa kuiweka. Aliyeumia ni mnyonge. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilieleza kwamba, katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu.

Nchi jirani ya Uganda ilikataa kuliacha jambo hilo. Mwaka 1993, wakati ukimwi na saratani vikiwatesa watu wengi, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Unga wa mofini ulichanganywa na maji, ikapatikana dawa ya kunywa yenye bei nafuu, ambayo mgonjwa aliweza kuitumia nyumbani kwake. Lakini madaktari wenye idhini ya kuiandika walikuwa wachache, na wengi wao waliishi mijini. Kwa hiyo, mwaka 2004, serikali ilibadili kanuni, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopewa mafunzo maalumu kuiandika. Tena ikagharimia dawa hiyo ili maskini asinyimwe.

Uganda haikufungua milango kwa walanguzi. Ilitambua tu kwamba kumlinda raia dhidi ya ulevi na kumwondolea mgonjwa mateso ni kazi moja.

Historia hiyo ni somo kwa kila mlinzi wa sheria. Mlanguzi hana budi kukamatwa. Lakini chupa ya mgonjwa, yenye cheti halali cha tabibu, si shehena ya magendo. Na askari anayeijua tofauti hiyo huwa ameilinda sheria na binadamu pia.