Vikao viwili vya Seneta Martha Cannon

Tarehe 3 Novemba 1896 wapiga kura wa Salt Lake City, jimboni Utah, walikuta kwenye karatasi ya kura watu wawili wa nyumba moja. Angus Munn Cannon, miaka 62, kiongozi mkubwa wa Kanisa la Wamormoni mjini humo, aligombea kwa tiketi ya chama cha Republican. Dkt. Martha Hughes Cannon, daktari wa miaka 39, aligombea kwa tiketi ya Democratic. Martha alikuwa mke wa nne wa Angus, na wote wawili walitaka Seneti ya jimbo. Kura zilipohesabiwa, Martha alipata 11,413, mumewe 8,742. Marekani ikawa imepata mwanamke wa kwanza kuwa seneta wa jimbo.

Mke kumbwaga mume ni habari tamu, na magazeti ya wakati ule yaliila kwa mikono miwili. Gazeti la Salt Lake Herald, lililowaunga mkono Democratic, lilishauri mama apelekwe Seneti na baba abaki nyumbani. Hadi leo, Martha Cannon akitajwa, habari hiyo ndiyo hutangulia, na mara nyingi huishia hapo hapo. Naona huko ni kumpunja. Mama huyu alikaa Seneti kipindi kimoja tu, na alichokifanya ndani ya kipindi hicho kina uzito kuliko kura alizomzidi mzee wake.

Isitoshe, ushindani wenyewe haukuwa wa ana kwa ana. Eneo la Salt Lake lilikuwa na viti vitano, na kila chama kilisimamisha wagombea watano. Mpiga kura alichagua majina matano, na watano walioongoza ndio walioingia. Mwaka huo Utah nzima ilimfuata William Jennings Bryan, mgombea urais wa Democratic aliyeahidi kuipa fedha nafasi yake kama sarafu kando ya dhahabu. Kwa jimbo lenye migodi ya fedha, hiyo ilikuwa ahadi ya mkate mezani, na Bryan alizoa zaidi ya asilimia 80 ya kura za Utah. Wagombea wote watano wa Democratic walipita katika wimbi hilo. Miongoni mwa walioanguka na Angus alikuwamo Emmeline Wells, mhariri wa gazeti la wanawake la Woman's Exponent. Martha alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye gazeti hilo hilo, akipanga herufi.

Kazi ya kupanga herufi inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo iliyomsomesha. Mpangaji alisimama kutwa mbele ya sanduku la vijumba vidogo vidogo, akiokota herufi za risasi moja moja na kuzipanga mstari kwa mstari, akizisoma kinyume. Martha aliifanya kwanza kwenye gazeti la Deseret News, kisha kwenye Woman's Exponent, akiweka akiba ya kwenda kusomea udaktari.

Alizaliwa karibu na Llandudno, kaskazini mwa Wales, tarehe 1 Julai 1857. Wazazi wake walijiunga na Wamormoni, wakavuka Atlantiki mwaka 1860, na mwaka uliofuata wakaanza safari ya magari ya kukokotwa na ng'ombe kuelekea Utah. Mdogo wake wa kike alifia njiani. Baba alifika Salt Lake City akiwa hoi, na siku tatu baadaye akafariki. Martha alikuwa na miaka minne. Mama aliolewa tena, na mtoto akakulia mikononi mwa baba wa kambo aliyempenda na kumtia moyo asome. Akiwa na miaka 14 alikuwa tayari anafundisha shule.

Katika miaka ya 1870 kanisa lake lilihimiza wanawake wasomee utabibu, na baadhi yao, kama Romania Pratt na Ellis Shipp, walikwisha kwenda mashariki na kurudi madaktari. Martha alimaliza masomo ya kemia Utah mwaka 1878, akaenda Chuo Kikuu cha Michigan. Huko aliosha vyombo na kutandika vitanda kwenye nyumba ya wapangaji ili ajikimu. Alipata shahada ya udaktari tarehe 1 Julai 1880, siku aliyotimiza miaka 23. Hakutosheka. Alikwenda Philadelphia kuongeza shahada katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na papo hapo akasomea ufasaha wa kuhutubia. Mtu anayejifunza tiba na hotuba kwa wakati mmoja hana nia ya kukaa kimya hospitalini.

Mwaka 1882 alianza kazi katika Hospitali ya Deseret, iliyoanzishwa na wanawake wa Kimormoni. Mmoja wa waliosimamia hospitali hiyo alikuwa Angus Cannon. Walioana kwa siri tarehe 6 Oktoba 1884. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa mitala ni nini. Lililoifanya ya Utah kuwa hatari ni kwamba Serikali ya Marekani ilikuwa imeamua kuing'oa. Sheria ya mwaka 1882 ilifanya kosa si kuoa mke wa pili tu, bali hata kukaa na wake zaidi ya mmoja. Angus, ambaye mwishowe alikuwa na wake sita, alishtakiwa mwaka 1885, akahukumiwa miezi sita jela na faini ya dola 300. Rufaa yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa.

Martha aliwindwa kwa sababu mbili. Alikuwa mke wa mtu aliyekwisha kufungwa, na sasa alikuwa na mtoto mchanga, Elizabeth, ambaye angeweza kutumiwa kama ushahidi wa kumrudisha baba yake jela. Sababu ya pili, yeye ndiye aliyewazalisha wake wengi wa ndoa za mitala. Mahakama ikimwapisha na kumuuliza mtoto wa fulani ni wa nani, angelazimika kuchagua kati ya kusema uongo na kuwapeleka gerezani waume wa wagonjwa wake. Hakuna daktari anayepaswa kuwekwa mahali hapo. Mwaka 1886 alimbeba mwanawe akakimbilia Uingereza, akaishi huko karibu miaka miwili, wakati mwingine kwa majina ya kubuni. Aliporudi alifungua shule ya kufundisha wauguzi. Mwaka 1890 kanisa lilitangaza kuacha ndoa mpya za mitala, na njia ya Utah kuwa jimbo kamili ikafunguka.

Wakati huo huo wanawake wa Utah walikuwa wamepewa kura na kunyang'anywa. Walianza kupiga kura mwaka 1870, nusu karne kabla ya haki hiyo kuenea Marekani nzima mwaka 1920. Wabunge wa Washington walitumaini wanawake hao wangeitumia kura kuikataa mitala. Hawakuikataa, na sheria ya mwaka 1887 ikawafutia. Katiba ya jimbo jipya iliwarudishia, ikaanza kutumika tarehe 4 Januari 1896. Katika mkutano wa kuiandika, mpinzani mkali kuliko wote wa kura ya wanawake alikuwa B. H. Roberts, kiongozi wa kanisa mwenye wake kadhaa. Tutarudi kwake.

Kwa hiyo kampeni ya 1896 ilikuwa ya kwanza kwa wanawake wa Utah kugombea viti vya bunge la jimbo. Mwandishi wa kike wa San Francisco Examiner alikwenda kumhoji Martha, naye akajibu bila kusitasita kwamba mke wa mitala ana uhuru kuliko mke wa pekee: mume akiwa na wake wanne, kila mwezi mke anapata wiki tatu za kwake. Kauli hiyo iliwakera wengi, na mimi pia siipokei nzima nzima. Barua alizomwandikia Angus kutoka Uingereza zinamwonyesha mwanamke mpweke, mwenye wivu kwa wake wenzake, aliyechoka kujificha. Lakini wiki tatu hizo alizitumia kutibu, kusoma na kufanya siasa.

Seneti ya Utah ilikuwa na watu 18, na yeye peke yake mwanamke. Katiba iliruhusu kikao kimoja kila baada ya miaka miwili, kisichozidi siku 60. Hesabu yake ni nyepesi: kipindi cha miaka minne kilimpa vikao viwili, Januari 1897 na Januari 1899. Anayesema mtu wa kipindi kimoja hana muda wa kufanya jambo aangalie Martha alivyoanza. Ndani ya mwezi wa kwanza alikwisha kuwasilisha miswada mitatu, na yote mitatu ikawa sheria.

Wa kwanza ulihusu viti. Wanawake na wasichana walioajiriwa madukani walisimama nyuma ya kaunta tangu asubuhi hadi kufunga, awepo mteja au asiwepo, kwa kuwa mwajiri aliona muuzaji aliyekaa ni muuzaji mvivu. Daktari aliyewatibu alijua miguu inavyovimba na migongo inavyouma, na jinsi mwenye mimba anavyotaabika. Sheria ilimtaka mwajiri aweke viti na kuwaacha wavitumie wasipokuwa na kazi mikononi. Ilikuwa sheria fupi, na duka lolote ungeweza kuingia ukaona kwa macho kama inafuatwa. Katika historia nzima ya Martha, hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa imetoka moja kwa moja chumba cha daktari ikaingia ukumbini.

Wa pili ulilazimisha watoto viziwi, mabubu na vipofu wasomeshwe. Shule ya viziwi ilikuwapo, na mwaka 1896 ilikuwa imehamia mji wa Ogden, lakini mzazi aliweza kumficha mtoto nyumbani na asiulizwe na mtu. Kikao cha pili Martha aliirudia shule hiyo, akapigania ijengewe hospitali.

Wa tatu ndio uliodumu kuliko yote: sheria ya kuunda Bodi ya Afya ya jimbo. Utah ya wakati ule ilikuwa nchi ya mifereji. Maji yaliyomwagilia bustani yaliweza pia kuchotwa kwa matumizi ya nyumbani, na homa ya matumbo na dondakoo vilizika watoto. Kila mji ulijiamulia usafi wake, ukitaka. Bodi ilipewa uwezo wa kuweka kanuni za jimbo zima, na Gavana Heber Wells alimteua Martha kuwa mmoja wa wajumbe wake. Mwaka 1898 alikwenda Washington na kuzungumza mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi kuhusu kura ya wanawake. Wakati huo ni majimbo manne tu, Wyoming, Colorado, Utah na Idaho, yaliyokuwa na wanawake wapiga kura, na mbele ya kamati alisimama mtu aliyechaguliwa kwa kura hizo.

Kisha ukaja mwaka 1899. Martha alihudhuria kikao cha pili akiwa mjamzito, na mwezi Aprili alimzaa Gwendolyn, mtoto wake wa tatu. Kanisa lilikuwa limetangaza kuacha mitala miaka tisa kabla, na hapa palikuwa na seneta aliyemzalia mume mwenye wake wengine walio hai. Wakati wenyewe haungeweza kuwa mbaya zaidi. B. H. Roberts yule yule aliyepinga kura ya wanawake alikuwa amechaguliwa kwenda Baraza la Wawakilishi la Marekani, na nchi nzima ilikuwa ikikusanya sahihi kwa mamilioni kumpinga kwa sababu ya wake zake. Januari 1900 Baraza lilimkatalia kiti. Angus alipelekwa mahakamani akapigwa faini ya dola 100. Martha hakufungwa, lakini hakugombea tena. Mume alilipa faini, mke alilipa kwa kazi yake ya siasa. Nikisoma habari hii naumia, maana mimba ile ilikuwa ya wawili.

Alivyoondoka Seneti, pengo lilionekana mapema. Ndui ilikuwa imeingia Utah, na Bodi ya Afya ilitaka watoto wachanjwe kabla ya kuingia darasani. Wazazi wengi walikataa, na Deseret News lilikuwa upande wao. Mwaka 1901 bunge lilipitisha sheria ya kuzuia chanjo kuwa sharti la shule, gavana akaipinga, bunge likaipitisha tena juu ya pingamizi lake. Bodi ilipoteza pambano hilo lakini yenyewe haikuvunjwa.

Martha aliendelea na udaktari, na baadaye akahamia California, ambako alifanya kazi kwenye kliniki ya Los Angeles iliyotibu watu waliotekwa na dawa za kulevya. Angus alifariki mwaka 1915. Martha alifariki Los Angeles tarehe 10 Julai 1932, akazikwa Salt Lake City. Aliagiza shajara zake zichomwe moto, na zikachomwa. Kwa anayetafuta kujua Martha alifikiri nini siku matokeo ya 1896 yalipotangazwa, au katika mwaka ule wa 1899, hiyo ni hasara isiyolipika. Barua za Uingereza zilinusurika, na mwaka 1989 zilichapishwa kuwa kitabu.

Mwaka 1986 jengo la idara ya afya ya jimbo lilipewa jina lake. Mwaka 2018 bunge la Utah liliamua sanamu yake ipelekwe Washington, ichukue nafasi ya Philo Farnsworth, mmoja wa wagunduzi wa televisheni. Ilitarajiwa kusimamishwa mwaka 2020, korona ikachelewesha, na ilizinduliwa katika jengo la Bunge la Marekani tarehe 11 Desemba 2024. Kila jimbo lina haki ya sanamu mbili humo. Ya pili ya Utah ni ya Brigham Young, aliyewaongoza Wamormoni hadi bonde la Salt Lake mwaka 1847.