Majina ya kudumu ya diski

Jina la kudumu la diski ni utambulisho unaobaki na diski, au na mfumo wa faili uliomo ndani yake, hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa au waya ukihamishwa. Katika Linux majina ya kawaida kama /dev/sda na /dev/sdb hayana sifa hiyo. Kerneli huyagawa kwa zamu ya diski kuonekana, na diski iliyochelewa kuamka huweza kukuta herufi yake imechukuliwa na nyingine. Ni sawa na kuutambua mtumbwi pale ufukweni Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, kwa kuwa wa tatu kutoka kushoto, jambo ambalo hakuna mvuvi angelikubali.

Kando ya ziwa hilo hoja hii ina uzito zaidi kuliko kwenye chumba cha seva kisichozimika. Zambia hutegemea mno umeme wa maji, na ukame wa 2024 ulipolishusha bwawa la Kariba, mgao wa umeme ulichukua saa nyingi kila siku. Kila umeme unaporudi, kompyuta huzitafuta diski zake upya. Nchelenge, wilaya iliyo kando ya ziwa hilo, ina malaria nyingi, na tangu miaka ya 2010 imekuwa eneo la utafiti wa muda mrefu wa ugonjwa huo. Data za utafiti kama huo hazirudiwi: mbu wa msimu uliopita hakamatwi tena. Kumbukumbu yake ikifutika, imefutika. Tuseme faili ya /etc/fstab inaagiza /dev/sdb1 ipachikwe kwenye saraka ya data, na asubuhi moja diski ya nakala rudufu ikaonekana kwanza. Takwimu za siku hiyo zitaandikwa juu ya nakala, na huenda pasitokee onyo lolote.

Dawa ipo, nayo ni udev, iliyoanza mwaka 2003. Programu hiyo huweka chini ya /dev/disk njia za kuifikia diski kwa namba yake ya kiwandani, kwa lebo, au kwa UUID, yaani namba ya biti 128 inayoandikwa kwenye mfumo wa faili wenyewe siku diski inapofomatiwa. Wapo wanaolalamika kwamba herufi 36 za UUID hazisomeki. Ni kweli, lakini huandikwa mara moja tu, na anayetaka jina la kibinadamu ana lebo, ambayo katika mfumo wa faili wa ext4 hufika herufi 16. Mimi naiamini UUID zaidi, kwa sababu watu wawili huweza kuchagua lebo ileile, mathalani "data". Pingamizi zito zaidi ni la nakala kamili: diski ikinakiliwa biti kwa biti, UUID nayo hunakiliwa, na jina likawa na wenyewe wawili. XFS, mfumo mwingine wa faili, hukataa kupachika pacha wa namna hiyo mwenzake akiwa amepachikwa. Kwa ext4 msimamizi hana budi kumpa mmoja UUID mpya kwa amri ya tune2fs. Na anayesema kompyuta yake ina diski moja tu, hivyo hana la kuhofia, akumbuke kwamba flashi iliyosahaulika kwenye mashine wakati umeme unarudi nayo huhesabiwa.

Msimamizi wa seva kwenye mwambao huu wa ziwa aendeshe blkid leo, asome UUID za diski zake, kisha abadilishe kila mstari wa fstab unaoanza na /dev/sd. Mstari wa diski ya nje auongezee neno nofail, ili mashine iwake hata diski hiyo isipokuwepo.