Dungu na Hema

Mahindi yakikomaa, babu yangu alihamia dunguni, huku kwetu Golini, debe mkononi. Ndovu wakishuka kutoka Shimba Hills, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1968, aligonga debe mpaka kiganja kikafa ganzi. Mara nyingi alfajiri ilimkuta na mabua matupu.

Lakini njia ile waliyoshukia ilikuwa ya ndovu wenyewe: walipita kati ya Shimba na msitu wa Mwaluganje kabla ya majembe yetu. Katikati ya miaka ya 1990, wakulima wa Kidigo na Kiduruma wakaunganisha mashamba yakawa hifadhi ya jamii, kila mwenye ardhi na hisa yake. Kambi ya mahema ikafuata. Mgeni akawa analipa ili akeshe akiwatazama ndovu walewale. Babu alikesha bure.