Jiwe la Kanisa la Ekerenyo Liwataje Walimu wa Vijijini

Jiwe la kumbukumbu kwenye ukuta wa kanisa kongwe mara nyingi huwa na mistari michache tu: jina na cheo cha mgeni rasmi, tarehe ya uzinduzi, pengine na jina la mmisionari Mzungu. Kwa kanisa la Ekerenyo, huko Mugirango Kaskazini, maandishi ya namna hiyo yangepotosha historia. Misheni za kwanza za Gusii, nchi ya Abagusii, hazikuanzia huku. Wakatoliki wa Mill Hill walifungua Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafuata Nyanchwa mwaka 1912, zote mbili jirani na mji wa Kisii. Kutoka huko hadi vilima vya Nyamira, iliko Ekerenyo, Injili ilipelekwa kwa miguu na vijana Waafrika waliojifunza kusoma, wakarudi kufundisha alfabeti na katekisimu katika vibanda vya udongo. Hao ndio waanzilishi wa makanisa ya vijijini, na jiwe lisilowataja linampa sifa asiyekuwepo.

Hata kule ulikoanzia Uadventista wa Kenya, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Arthur Carscallen alipofika Gendia, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1906, alikuwa pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland. Nyambo baadaye alikuwa mstari wa mbele katika maombi ya Waafrika kwa Mfalme George wa Tano, akiulalamikia utawala wa kikoloni. Mtu wa uzito huo hafai kuitwa msaidizi kisha akasahauliwa.

Wapo watakaosema jiwe ni dogo, na majina ya walimu hao yamepotea. Nafasi ipo, ila imeliwa na vyeo vya mgeni rasmi. Na jina likikosekana kabisa, ichongwe kazi aliyoifanya mwalimu huyo na kijiji alikotoka. Hilo ni bora kuliko kimya. Pingamizi zito zaidi ni la mwaka 1914. Septemba ya mwaka huo, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliingia Kisii, maafisa wa Uingereza wakaondoka, na wenyeji wakapora ofisi za serikali, maduka na misheni. Serikali iliporudi ilitoza faini ya ng'ombe. Je, aibu hiyo iwekwe kwenye jiwe la heshima? Naamini iwekwe. Watu waliokuwa wamevamiwa na majeshi ya kikoloni mwaka 1905 na 1908 walikuwa na sababu ya kuiona misheni na boma la serikali kuwa kitu kimoja. Kwamba Abagusii hao hao, katika miaka iliyofuata, walijaza makanisa na kuyajenga kwa mikono yao, ni ushahidi kwamba imani hii waliichagua wenyewe. Ukiificha 1914, uchaguzi huo hauonekani.

Kwa hiyo wazee wa kanisa wafungue kwanza daftari za ubatizo na kuwahoji wakongwe walio hai, ndipo fundi wa mawe apewe maneno ya kuchonga.