Matatu Ilianza Kama Kosa

Wasee, kabla nganya ziwekwe skrini na spika za kutikisa vioo, kubeba abiria kwa matatu kulikuwa kosa. Si mzaha. Miaka ya sitini, kampuni iliyokuwa na kibali cha kusafirisha watu wa Nairobi ni Kenya Bus Service. Wengine wote waliitwa maharamia.

Lakini basi hazikufika kila mtaa, na mtu wa Mathare bado alitakiwa kazini asubuhi. Wenye magari makuukuu wakaanza kubeba majirani kwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Jina likatoka hapo. Polisi waliwashika, wakalipa faini, wakarudi barabarani. Na abiria alijua kabisa gari halina kibali. Alipanda tu, mchana, mbele ya kila mtu.

Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta akatangaza kwamba matatu zinaweza kubeba abiria bila ile leseni. Sheria iliyovunjwa kila asubuhi na maelfu ya watu ilikuwa imeshachoka.

Sasa kuna wale watasema, unaona, kuvunja sheria ndogo ni sawa. Pole pole. Ruhusa ilikuja bila usalama. Ni hadi 1984 ndipo sheria mpya ikazitaka matatu ziwe na leseni na zikaguliwe, na hata hapo watu waliendelea kuning'inia mlangoni kama nguo kwa kamba.

Halafu akaja John Michuki, waziri wa uchukuzi. Kuanzia Februari 2004: mkanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, abiria 14 basi. Wenye magari wakagoma, na watu wakatembea hadi kazini. Muulize mzazi wako, atakuambia miguu ilivyouma. Na bado wengi walimuunga Michuki mkono, kwa sababu walikuwa wamezika watu.

Leo sheria hizo bado ziko, na tunazivunja kila siku. Makanga anasema "songeni, mmoja tu", tunasonga. Mbele kuna trafiki, noti inapita dirishani, safari inaendelea. Hapa ndipo mimi hukataa kulinganisha na wale wa miaka ya sitini. Wao walivunja sheria wazi, wakalipa faini yenye risiti, na serikali ikaona kwamba watu hawana usafiri. Yetu imefichwa ndani ya kiganja. Hakuna rekodi, hakuna kesi, kwa hivyo hakuna waziri atakayejua kama ile sheria ni mbaya au kama sisi ndio wabaya. Tena kuna mtu anayepata chakula kwa sababu inavunjwa, na huyo hatataka ibadilishwe wala ifuatwe.

Na hiyo noti, bana, makanga haitoi kwa mshahara wake. Imo ndani ya nauli yako. Wewe ndiye umelipia ruhusa ya kukaliwa mapajani na mtu usiyemjua.

Ukipanda kesho, tafuta mkanda wa kiti chako. Kuna magari bado utaupata, umefungwa fundo nyuma ya kiti, na kifungo chake kilishang'oka.