Mpaka wa Shamba na Ushahidi wa Jirani: Habari za Kagongwa na Usukuma

Ugomvi wa mpaka ni mdogo kwa kipimo na mkubwa kwa madhara. Aghalabu kinachogombewa hakizidi upana wa matuta mawili. Mpita njia aweza kukivuka bila kujua kuwa amevuka kitu. Walakini kwa sababu ya matuta hayo mawili watu waliozikana na kuozana huacha kusalimiana, watoto wao hukatazwa kuchota maji pamoja, na mara nyingine damu humwagika. Mwenye kuutazama ugomvi huu kwa haraka atasema kuwa chanzo chake ni choyo. Choyo kipo, hapana shaka. Lakini choyo kimekuwako siku zote, hali magomvi ya mipaka huzidi katika zama fulani na kupungua katika zama nyingine. Kwa hiyo yafaa kuuliza swali jingine: ni kitu gani kilichouzuia mkono wa mchoyo hapo kale, na kitu hicho kilipotelea wapi?

Kagongwa ni mahali pafaapo kuulizia swali hilo. Mji huu umo katika Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, kando ya barabara kuu itokayo Isaka kwenda Kahama na kuendelea magharibi hata mipaka ya Rwanda na Burundi. Katika nchi hiyo Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa wamechanganyika tangu zamani. Kwenye mabonde ya udongo mzito hulimwa mpunga, na soko la mchele la Kagongwa limejulikana mbali. Jirani yake uko ukanda wa dhahabu: mgodi wa Bulyanhulu ulifunguliwa mwaka 2001, na ule wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulichimbwa tangu mwaka 2009 hata mwaka 2021. Mpunga, barabara na dhahabu vimeipa ardhi thamani. Na ardhi ikipata thamani, mpaka wake hupata maadui.

Zamani nchi ya Usukuma na Unyamwezi ilikuwa chini ya watemi, na chini ya mtemi walikuwako wanangwa, wakuu wa vijiji. Mgeni aliyetaka kulima alikwenda kwa mwanangwa, naye alimwonyesha mahali palipo wazi. Mgeni alipewa ardhi kwa miguu: walitembea wakaonyeshana mwanzo na mwisho, na waliokuwa wakilima pande zote walijua kuwa tangu siku hiyo wamepakana na fulani. Ardhi haikuwa bidhaa ya kuuzwa. Mtu akihama, kiwanja chake kiligeuka matongo, na mwanangwa aliweza kumpa mwingine. Alichokuwa nacho mkulima kilikuwa haki ya kutumia, nayo ilidumu kwa kadiri alivyoitumia.

Alama za mpaka hazikukosekana. Palikuwa na kichuguu, mti mkubwa ulioachwa usikatwe, njia ya ng'ombe, na zaidi ya vyote palikuwa na ua wa minyaa, mmea wenye utomvu mweupe ambao mifugo huuepuka na ukame hauuui. Lakini alama hizi zote zina kasoro moja, nayo ni kwamba hazina ulimi. Mnyaa huota kutokana na kitawi kilichochomekwa tu ardhini. Jirani mbaya aweza kuchomeka vitawi usiku hatua tatu ndani ya shamba la mwenziwe, na baada ya misimu michache ua huo ukasimama kana kwamba ulipandwa na babu yake. Mti hautasema ulipandwa lini. Mwenye kusema ni mzee wa jirani, aliyeuona mgeni akionyeshwa shamba na aliyejua minyaa ya kweli ilikuwa wapi. Kwa hiyo mpaka wenyewe ulikaa katika kumbukumbu za watu, na minyaa ilikuwa ukumbusho wake.

Ushahidi huo ulikuwa na nguvu kwa sababu shahidi naye alikuwa na nguvu. Mkulima wa Usukuma hakuweza kuishi peke yake. Palizi, ujenzi wa nyumba na maziko vilifanywa kwa ushirika wa vijana na wazee wa kijiji, na mkaidi aliyekataa hukumu ya wenziwe alisuswa. Aliyesogeza tuta lake kwa hatua mbili alijua kuwa siku ya msiba huenda asipate mtu wa kuchimba kaburi. Hesabu hiyo ilimfanya mchoyo afikiri mara mbili.

Kilimo cha mpunga kiliongeza jambo jingine. Katika karne ya 20 wakulima wa Shinyanga walijenga majaruba, yaani mashamba yaliyozungushiwa kingo za udongo ili kuzuia maji ya mvua. Ukingo ulio kati ya majaruba mawili ni mpaka, na papo hapo ni bwawa la wote wawili. Anayeumega ukingo ili aongeze jaruba lake huchukua ardhi kidogo na maji mengi, na katika mwaka wa ukame maji hayo ndiyo mavuno. Hapo ugomvi wa hatua mbili huwa ugomvi wa chakula cha mwaka mzima. Lakini ukingo huo huo huwalazimisha majirani kutengeneza kitu kimoja pamoja kila msimu, na kazi ya pamoja huufanya mpaka ujulikane kwa wote.

Usukuma haukuwa peke yake katika kuutegemea ushahidi wa jirani. Waroma wa kale walikuwa na mungu wa mipaka, Terminus, na kila mwaka tarehe 23 Februari wenye mashamba yaliyopakana walikutana penye jiwe la mpaka, kila mmoja kwa upande wake, wakalivisha mashada na kula karamu pamoja. Katika Uingereza watu wa parokia walikuwa wakizunguka mipaka yao kwa miguu, wakiwachukua watoto wa kiume; na palipokuwa na alama, mara nyingine mtoto alichapwa ili mahali hapo pasimtoke moyoni hata uzeeni. Desturi hizi ni za nchi zilizokuwa na mawe na maandishi. Hata hivyo wenyeji wake walijua kuwa jiwe hudumu pale linapokumbukwa na watu wa pande zote mbili.

Utawala wa Waingereza ulileta daftari, lakini haukulifikisha shambani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana, na marekebisho ya mwaka 1928 yaliitambua haki ya mwenyeji aliyeishika ardhi kwa mila. Mwaka 1953 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali, alichapisha kitabu juu ya sheria na desturi za Wasukuma. Kanuni zikaandikwa, lakini mpaka wa shamba la mtu mmoja na mwenziwe ulibaki kwa mwanangwa na majirani. Katika miaka hiyo watu walianza kusongamana katika sehemu za kati za Usukuma, na wengi walihamia Geita na nchi nyingine zilizokuwa na nafasi. Kuhama kulikuwa dawa ya magomvi: aliyechoshwa na jirani yake alifunga mizigo akatafuta mahali pengine. Dawa hiyo ilifaa maadamu nafasi ilikuwako.

Mwaka 1963, baada ya Uhuru, serikali iliondoa mamlaka ya watemi, na mahakama zao zikaingizwa katika mahakama za nchi. Palikuwa na sababu nzuri za kufanya hivyo, maana mtemi alikuwa hakimu na mtawala kwa wakati mmoja, na si kila mtemi alihukumu kwa haki. Mwanangwa naye akaondoka na cheo chake. Wazee waliojua mipaka walibaki mahali pao, na majirani walibaki majirani. Pigo kubwa zaidi lilikuja miaka 10 baadaye.

Mwezi wa Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi ya kuwahamisha watu ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Katika Mkoa wa Shinyanga operesheni hiyo ilikuwa kali mwaka 1974. Kaya zilizokuwa zimetawanyika ziliwekwa kwa mistari penye barabara na penye huduma. Shule na zahanati zilipatikana, na faida hiyo haikuwa ndogo. Lakini kwa upande wa mipaka lilitokea jambo ambalo kwa yamkini hakuna aliyelikusudia. Mtu alipewa kiwanja kwenye shamba lililokuwa la mwingine, na majirani zake walikuwa watu asiowajua, wala wao hawakumjua. Shamba lake la zamani lilibaki mbali, likalimwa na yeyote aliyekuwa karibu. Kwa tendo moja ardhi ilitenganishwa na mashahidi wake.

Matokeo yake hayakuwa ya mashamba peke yake. Simeon Mesaki, aliyechunguza mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi katika Usukuma, alionyesha kuwa kusonganishwa kwa watu vijijini kulizidisha hofu na chuki kati ya majirani. Kati ya mwaka 1970 na mwaka 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma hizo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wa Usukuma, na wengi walikuwa wanawake. Haifai kusema kuwa kila mauaji yalitokana na shamba. Walakini mjane mzee aliyekaa peke yake juu ya ardhi nzuri alikuwa katika hatari kubwa, maana aliyekosa ushahidi wa kumnyang'anya ardhi aliweza kumzulia jina lisilohitaji ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakijiji wa Kahama, Nzega na Shinyanga waliunda sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe, nao waliirudia silaha ya kale ya kumsusa mkosaji. Ilikuwa dalili kuwa watu walitamani nguvu ya ujirani irudi, ingawa mara nyingine nguvu hiyo yenyewe ilikosa haki.

Walioachishwa mashamba yao walianza kwenda mahakamani kuyadai. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa kwa operesheni na kuyazuia mashauri hayo. Mwezi wa Desemba 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenziwe, lililotoka Mkoa wa Arusha, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Hukumu hiyo iliinua hadhi ya mkulima asiye na karatasi. Lakini haikumwambia mpaka wake uko wapi.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilikuwa imezunguka nchi katika mwaka 1991 na 1992, ikayasikia malalamiko ya wananchi juu ya ardhi. Baadaye zilikuja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwezi wa Mei 2001. Sheria ya vijiji iliunda baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe 7, watatu kati yao wakiwa wanawake, nalo halihukumu, lasuluhisha. Sheria hiyo iliweka pia utaratibu wa hati ya hakimiliki ya kimila. Katika utaratibu huo mwenye shamba hutembea mpakani pamoja na majirani zake, wanaonyeshana alama, na kila asiyekubali husikilizwa kabla ya hati kutolewa. Mwenye kuisoma historia hii ataitambua sura ya mgeni na mwanangwa wa kale. Tofauti ni kwamba sasa nyayo zinaandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walisema kweli. Lakini daftari la ardhi ambalo majirani hawakuliona likiandikwa ni chanzo cha shauri jipya.

Sheria ya mwaka 2002 ilipanga ngazi za mabaraza kutoka kijijini na katani hata wilayani, na juu yake Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Mwaka 2021 baraza la kata liliondolewa uwezo wa kuhukumu migogoro ya ardhi, likaachiwa kazi ya kupatanisha. Na baraza la wilaya likakatazwa kupokea shauri kabla upatanishi haujajaribiwa. Mkondo wa sheria ni dhahiri. Baada ya kujaribu gavana, hakimu na karani, nchi ilirudi kuomba msaada wa mtu anayekaa upande wa pili wa ua.

Kagongwa ya mji inalijaribu wazo hilo vikali. Kahama ilipata halmashauri ya mji mwaka 2012, ikawa manispaa mwaka 2021, na Kagongwa ni kata yake. Shamba la jana limekatwa viwanja. Mwuzaji ameondoka, mnunuzi ametoka mbali, na jirani ni mpangaji wa mwaka mmoja. Mpima huweka mawe ya mpaka na kuyaandika katika ramani, nalo ni jambo jema, maana jiwe lililopimwa likisogezwa laweza kurudishwa mahali pake. Kuling'oa kwa hila ni kosa la jinai. Lakini mawe hayo nayo husogezwa usiku, kama minyaa ilivyosogezwa.

Kwa hiyo mwenye jirani mkorofi ana mambo ya kujifunza katika habari hizi. Akijibu kwa kung'oa ua, huigeuza haki yake kuwa kosa. Akinyamaza ili kulinda amani, hupoteza zaidi, kwa kuwa Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya mwaka 1971 humpa miaka 12 tu ya kudai ardhi, na katika miaka hiyo wazee wanaojua mpaka huendelea kufa. Njia iliyo salama ni kuwaita mashahidi mapema, wakati wangali hai na ugomvi ungali mchanga, na kutembea nao mpakani mchana, jirani huyo akiwapo, kisha maneno yao yaandikwe na kutiwa saini. Huenda mkorofi asigeuke kuwa mwema kwa sababu ya matembezi hayo. Lakini tangu siku hiyo hatua mbili anazozitamani zitakuwa zimeonwa na watu wengi, na wajukuu wa pande zote mbili watakuwa na mahali pa kuanzia.