Futi, mita na msingi wa nyumba ya mama Itigi

Haya wadau, nimerudi. Nilipotea karibu wiki mbili, wengine mkasema nimekimbia test. Sikukimbia kitu. Nilikuwa nyumbani Itigi, nimesimama kwenye msingi wa nyumba ya mama, najibu maswali magumu kuliko ya mhadhiri yeyote. Leo nawaletea historia kama kawaida yangu, maana ndilo somo nitakalofundisha, ila humo ndani mtapata na mbinu za kujikwamua na zile programu za kuchorea ramani za nyumba. Najua wengi hapa hosteli mnazo, na kila mtu siku hizi ni injinia wa familia yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama ameuza alizeti misimu miwili, akanunua mawe na saruji kidogo, akataka kuanza msingi. Mimi kwa kimbelembele nikasema mchoraji wa nini, ramani nachora mwenyewe. Nikapakua AutoCAD kwa leseni ya bure ya wanafunzi, nikakesha siku nne. Nyumba ya mita 10 kwa 8, vyumba vitatu na sebule. Ikapendeza bwana! Nikaiweka kwenye karatasi ya A3 kwa skeli ya 1:100. Halafu nikaona zile namba za vipimo zinachafua mchoro, nikazima tabaka lake, lile tunaloita leya. Nikatengeneza PDF, nikamtumia mdogo wangu kwenye simu akachapishe.

Huko alikokwenda kulikuwa na karatasi ya A4 tu. Printa ikaubana mchoro ili uenee. A3 ikishushwa kuwa A4, kila urefu unabaki kama asilimia 71. Ukuta wa mita 10 uliotakiwa kuonekana sentimita 10 ukawa sentimita 7. Chini bado imeandikwa 1:100. Namba hakuna, nimezizima mimi mwenyewe. Fundi akachukua rula, akapima, akachimba. Nyumba ya mita za mraba 80 ikawa ya 40. Nusu!

Mama akaingia kwenye mtaro wa chumba chake, akanipigia simu. Hakugomba. Aliuliza tu: "Mwanangu, kitanda kitaingia. Mimi nitapitia wapi?"

Nikapanda basi siku ileile. Nilipofika fundi alikuwa amekaa juu ya mawe, mzee wa makamo ya babu, kajenga nusu ya mtaa wetu. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwalimu." Nikamuuliza kwa nini hakushtuka kuona chumba kidogo vile. Akanijibu, "Nilishtuka. Na mama yako tulishaongea chumba chake ni futi 12 kwa 10. Lakini karatasi imetoka chuo kikuu. Nani mimi niipinge?"

Jamani, hilo jibu lilinikaa. Usiku sikulala, nikaanza kufikiria hivi vipimo vimetoka wapi hadi vikaja kutugombanisha pale Itigi.

Tuanze na tembe. Babu yangu alizaliwa kwenye tembe, nyumba ya watu wa huku kwetu, Wagogo, Wanyaturu, Wakimbu: kuta za miti na udongo, paa bapa lenye udongo juu. Hakuna aliyechora. Mti ndio uliopanga ukubwa wa chumba. Na miti yetu mnaijua, kichaka cha Itigi ni vimiti vilivyobanana, vingi havizidi mita 3 hadi 5. Ukitaka chumba kipana zaidi ya mti wako, unasimamisha nguzo katikati. Pwani nako vilevile. Nyumba za kale za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba virefu lakini vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari haziendi mbali zaidi ya hapo. Boriti hizo zilipakiwa majahazini hadi Oman na Ghuba, na vyumba vya huko navyo vikafuata urefu wa mti wa kwetu. Vipimo vingine vilikuwa mwilini: shubiri, mkono, hatua, pima. Uzuri wake, mwenye nyumba na mjenzi wamesimama pamoja. Mkono ni wa nani, kila mtu anauona.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Itigi iko kati ya Dodoma na Tabora, kwa hiyo ilipitiwa kwenye hicho kipande cha 1910 hadi 1912. Upana wa reli ile ni milimita 1,000, mita moja kamili. Ujerumani ilikuwa imeshaanza kutumia mita rasmi tangu 1872. Yaani mita ilifika Itigi imelazwa chini kwa chuma.

Vita Kuu ya Kwanza ikaisha, Waingereza wakaichukua Tanganyika, wakaja na futi na inchi zao. Wakaikuta reli ya mita, wakaiendesha hivyohivyo, lakini mbao, mabati na milango vikahesabiwa Kiingereza. Baada ya uhuru serikali ikarudi kwenye mita, shuleni tukafundishwa mita. Dukani je? Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi leo. Mbao ni mbili kwa nne, hizo ni inchi. Bati ni la futi 10, unene wake ni geji. Tofali ni la inchi 6. Nondo ni ya milimita 12. Kiwanja ni hatua 20 kwa 20, na ukiuliza hatua za nani unaonekana mkorofi. Historia yote ya nchi imo kwenye risiti moja!

Na cha kuchekesha zaidi, reli mpya ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Umeshawahi kujiuliza kwa nini siyo 1,400 au 1,500? Ni futi 4 na inchi 8 na nusu za Waingereza wa enzi za George Stephenson, zimevalishwa nguo ya milimita.

Sasa tuingie kwenye kompyuta. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa udaktari pale MIT Marekani, alitengeneza Sketchpad, programu ya kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo. Mwaka 1982 ikatoka AutoCAD ya kampuni ya Autodesk, na uchoraji ukashuka hadi kwenye kompyuta ndogo za mezani. Waliotengeneza programu hizi hawakutupa desturi za meza ya mchoraji, waliziingiza ndani. Leya zinatokana na karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine, hii ya kuta, hii ya umeme, hii ya maji. Na ubishi wa inchi na mita nao ukaingia. AutoCAD inakuja na faili mbili za kuanzia, moja ya inchi na nyingine ya milimita. Ukiandika 10, yenyewe inajua ni 10 tu. Ni 10 za nini, hiyo kazi yako.

Ila jambo lililoniumiza kuliko yote ni la zamani zaidi. Mwaka 1842 Mwingereza John Herschel aligundua namna ya kunakili kwa karatasi inayogeuka bluu ikipigwa na mwanga. Baadaye ofisi za wachoraji zikaitumia kutoa nakala za ramani, ndizo zile ramani za bluu zenye mistari myeupe. Nakala hizo zilioshwa kwa maji, na karatasi ikikauka inaweza kusinyaa au kuvutika. Ukipima kwa rula juu ya nakala, umepotea. Kwa hiyo wachoraji wakawa na kawaida ya kuandika kila kipimo kwa namba, na pembeni onyo: usipime mchoro, fuata namba. Onyo hilo bado linaandikwa kwenye ramani za wataalamu mpaka leo. Mimi nililiona kwenye ramani za watu nikadhani ni pambo. Printa ya A4 imenifanyia kilekile maji yalichowafanyia wale wazee, na dawa waliyoiacha nikaizima kwa kubofya mara moja.

Basi, kwa mnaochora, haya ndiyo niliyojifunza kwa gharama ya mama:

1. Kabla ya mstari wa kwanza, andika UNITS na chagua kipimo. Ukikuta mlango wa rafiki yako umeingia mkubwa kuliko kijiji, huenda yeye kachora kwa milimita na wewe kwa mita. Mlango wa 900 unakuwa wa mita 900. Tumia SCALE, weka 0.001. Kama mchoro ni wa inchi na unataka milimita, zidisha kwa 25.4. Inchi imekubaliwa kimataifa kuwa milimita 25.4 kamili tangu 1959.

2. Ukijaza rangi ya sakafu ikagoma, au kwenye SketchUp uso ukakataa kutokea, kuna kona haijafunga. Inaweza kuwa pengo dogo kuliko unywele. Kuza picha, pita kona moja moja.

3. Vitu vikipotea usilie. Angalia leya kwanza, huenda umeizima.

4. Umeme ukikatika na faili likagoma kufunguka, tafuta faili lenye jina lilelile linaloishia na bak, nakili pembeni, badilisha mwisho wake uwe dwg. Likiwa limeharibika kidogo jaribu RECOVER.

5. Unayemtumia ana programu ya zamani? Hifadhi kwa toleo la zamani, la sivyo halitafunguka kwake.

6. Unapochapisha, usikubali ule uchaguzi wa kuenea karatasi. Chagua skeli. Halafu chora pembeni mstari ulioandikwa "mita 5". Karatasi ikibanwa, na mstari unabanwa nao, fundi atajua.

7. Vipimo viwepo kwa namba, mita na futi. Usizime kitu ili upendeze.

Kuhusu msingi: asubuhi iliyofuata tulianza upya. Fundi alikuwa ameshapanga mawe kona moja, akasema hiyo haibomolewi, tutaanzia hapo. Akapigilia mambo, akavuta kamba, akapima futi 3 upande huu, 4 upande ule, mshazari 5, kona ikanyooka. Ni Pythagoras yuleyule wa sekondari, na mzee anamjua bila jina. Mimi nikashika upande wa pili wa kamba na karatasi yangu, safari hii ina namba za kalamu. Tulipofika chumba cha mama tukamwita. Akatembea kutoka mtaro hadi mtaro, akanyoosha mikono, akasema, "Hapa sawa."

Fundi alidai ujira wa kuchimba mara ya pili nusu tu. Mama alilipa kwa hela ya saruji, kwa hiyo kuta zitasubiri msimu mwingine wa alizeti. Mimi nimeahidi kuchangia kutoka kwenye boom, msinikope mwezi huu tafadhali.

Nilipokuwa naaga nilimwambia fundi, "Mzee, siku nyingine karatasi ikipingana na mlichokubaliana, nipigie." Akacheka, akasema, "Na wewe mwalimu, siku nyingine njoo kwanza."

Mwakani naenda mafunzo ya ualimu kwa vitendo. Watoto watanisikiliza kama yule mzee alivyoisikiliza karatasi yangu, kwa sababu tu nimetoka chuoni. Hiyo ndiyo inayonitisha sasa hivi kuliko test ya Jumatatu, ambayo nayo sijaisomea.

Ngoja nikalale. Tuonane wiki ijayo.